Namna ya kulinganisha Biblia za Kiingereza za zamani na za sasa, huku Union Version iko mkononi

Mara yangu ya kwanza kusimama madhabahuni kama mkalimani, mgeni alifungua King James na kusoma Marko 10:14: "Suffer the little children to come unto me." Neno "suffer" nililijua kwa maana moja tu, kuteseka. Watoto wateseke waje kwa Yesu? Nilimeza mate. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekaa kiti cha mbele na asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, alikuwa ameshafungua Biblia yake. Akasoma kwa sauti ya chini, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu," nami nikamfuata kama niliyekuwa najua tangu mwanzo.

Mwaka 1611 "suffer" ilimaanisha pia kuruhusu, kuacha jambo liwe. Mzee yule alinipa somo ambalo nimelitumia tangu siku hiyo: msomaji wa Kiswahili anayetaka kulinganisha tafsiri za Kiingereza hahitaji kuanza kama mgeni. Ana kipimo chake tayari, na mahali fulani kipimo hicho ni kizuri kuliko alichonacho Mwingereza mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mkalimani mwenzangu, kiongozi wa kikundi cha Biblia, mwanafunzi wa chuo, au yeyote mwenye programu ya Biblia kwenye simu iliyojaa vifupisho (KJV, NKJV, ESV, NIV, NLT) asijue aanzie wapi. Utahitaji daftari, simu na Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili ya 1952.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Tafsiri mbili zikitofautiana, sababu ni mojawapo ya tatu. Huenda Kiingereza chenyewe kimebadilika. Huenda watafsiri walikuwa na nakala tofauti za Kigiriki au Kiebrania mezani. Au nakala ni ile ile, ila wameamua tofauti juu ya maana. Katika daftari langu naziita L (lugha), N (nakala) na U (uamuzi). Mabishano mengi kuhusu tafsiri hutokana na mtu kuona tofauti ya L na kudhani ni N, au kuona ya N na kudhani kuna njama.

Hatua ya 1: Chagua tano, na ujue ukoo wao

Usifungue tafsiri ishirini, utachoka na hutajua zaidi. Chukua King James, New King James ya 1982, moja ya neno kwa neno (English Standard Version, yaani ESV, ya 2001, au New American Standard Bible, NASB), New International Version (NIV), na moja inayosema maana kwa Kiingereza chepesi, kama New Living Translation au Good News.

Kwa nini nasisitiza ukoo? Kwa sababu tafsiri nyingi si mashahidi wanaojitegemea. King James yenyewe haikuanza sifuri. Mfalme James wa Kwanza aliitisha mkutano Hampton Court mwaka 1604, na wasomi wapatao 47, waliogawanywa katika makundi ya Westminster, Oxford na Cambridge, wakaagizwa waipitie upya Bishops' Bible ya 1568. Nyuma yake yuko William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya huko Worms mwaka 1526, akanyongwa na mwili wake kuchomwa moto Vilvoorde, karibu na Brussels, mwaka 1536. Maneno yake yamejaa ndani ya King James.

Kisha mti ukaendelea kuzaa. Revised Version ilitoka Agano Jipya 1881 na Agano la Kale 1885. Wamarekani wakatoa toleo lao, American Standard Version, mwaka 1901. Kutoka hapo ikaja Revised Standard Version (1952) upande mmoja na NASB (1971) upande wa pili. RSV (ndiyo Revised Standard Version) nayo ikazaa New Revised Standard Version, NRSV (1989), na ESV. Kwa hiyo ukiziuliza RSV, NRSV na ESV, zikakubaliana, ukasema una mashahidi watatu, ujue umemhoji baba na watoto wake wawili. NIV iko nje ya ukoo huo. Ilitafsiriwa upya, Agano Jipya likatoka 1973 na Biblia nzima 1978, ndiyo maana naiweka kwenye tano.

Hatua ya 2: Tazama mwaka wa toleo

Biblia nyingi zinazouzwa kama "King James ya 1611" si za 1611. Maandishi yake kwa sehemu kubwa ni ya toleo la Oxford la 1769 lililosahihishwa na Benjamin Blayney. Tahajia imenyooshwa na makosa ya wachapaji yameondolewa. (Makosa yalikuwepo, tena makubwa: toleo moja la London la 1631 lilisahau neno "not" katika amri ya saba, likaamuru watu wazini. Wachapaji walitozwa faini.) Tena King James ya kwanza ilikuwa na vitabu vya Apokrifa katikati ya maagano mawili, na maelezo pembeni yanayoonyesha njia nyingine za kutafsiri neno.

Kwa NIV ni muhimu zaidi, kwa sababu NIV ya 1984 na ya 2011 zote bado zinatembea mitaani. Zaburi 23:4 katika ile ya 1984 ni "the valley of the shadow of death". Katika ya 2011 ni "the darkest valley". Mhubiri mwenye kitabu cha zamani na msikilizaji mwenye simu wanaweza kubishana, na wote wawili wanasema "NIV yangu inasema hivi".

Ukiwa hapo, angalia pia maneno ya mlalo katika King James. Hayakuwekwa kwa mkazo. Ni maneno ambayo watafsiri waliongeza wenyewe ili sentensi ikamilike. Katika 2 Samweli 21:19 utaona Elhanani alimuua "the brother of" Goliathi, na maneno hayo yamelala. Kiebrania cha mstari huo hakina "ndugu wa". Watafsiri waliyachukua kutoka 1 Mambo ya Nyakati 20:5.

Hatua ya 3: Soma kifungu kizima kwanza, kisha pima kwa New King James

Anza na Union Version, aya nzima, si mstari mmoja. Soma kisha King James na nyingine nne, bila kuandika maelezo, ukipiga mstari tu chini ya kila mahali panapokukwaza.

Sasa ndipo kipimo ninachokipenda kinapoingia. New King James ina Kiingereza cha sasa, lakini katika Agano Jipya imefuata Kigiriki kile kile cha King James ya kale. Hivyo inatenganisha L na N kama ungo.

King James ikisema jambo moja, na New King James pamoja na ESV na NIV zikasema jingine kwa pamoja, hiyo mara nyingi ni L: lugha imebadilika. King James na New King James zikikubaliana dhidi ya ESV na NIV, shuku N. Tazama tanbihi ya New King James chini ya ukurasa. Ikiandika "NU", inakwambia kwamba Kigiriki kinachotumiwa na wasomi wengi leo kinasema tofauti. Zikitawanyika zote, kila moja na lake, hapo karibu hakika ni U.

Si kanuni isiyovunjika, lakini itakuokolea saa nyingi.

Hatua ya 4: Shughulikia L kwa kuogopa maneno unayoyajua

Maneno ya kale usiyoyajua hayana hatari, kwa kuwa utayatafuta. Hatari ni yale unayodhani unayajua. "Prevent" katika 1 Wathesalonike 4:15 si kuzuia, ni kutangulia. "Let" katika 2 Wathesalonike 2:7 ni kinyume cha unavyodhani: maana yake ni kuzuia. "Conversation" katika Wafilipi 1:27 haihusu mazungumzo hata kidogo, ni mwenendo. "Carriages" za Matendo 21:15 ni mizigo waliyobeba, si magari ya farasi. "Meat" ni chakula cha aina yoyote. "By and by" katika Marko 6:25 ni papo hapo, na "charger" anayoitaka binti wa Herodia ni sinia. Kijana mmoja wa kikundi chetu alicheka mpaka akatoa machozi, maana alikuwa ameelewa kichwa kinaletwa kwenye chaja.

Hata Zaburi 23:1 ina mtego. "I shall not want" husomwa na wengi kama "sitataka". "Want" ya pale ni kukosa, na Union Version imesema vizuri: sitapungukiwa na kitu.

Kwa kila neno la L, andika mbele yake neno la Union Version. Mara tisa katika kumi hutahitaji kamusi.

Hatua ya 5: Tumia wewe na ninyi

Hapa ndipo Kiswahili kinapomzidi Mwingereza wa leo. King James ina "thou" na "thee" kwa mtu mmoja, "ye" na "you" kwa wengi. Watu hudhani "thou" ni ya heshima, ya kumwomba Mungu. Katika King James ni umoja tu. Shetani naye huitwa "thou". Tafsiri za sasa zimetupa tofauti hiyo kwa sababu Kiingereza cha leo hakinayo, na pamoja nayo kikatupwa kitu ambacho Kigiriki na Kiebrania vilikuwa nacho.

Fungua Luka 22:31-32. NIV ya 1984 ina "you" kila mahali, na msomaji anaelewa Shetani anamtaka Petro. Ile ya 2011 imelazimika kuongeza neno "all". King James: "Satan hath desired to have you ... but I have prayed for thee." Union Version: "Shetani amewataka ninyi", halafu "nimekuombea wewe". Wanaopepetwa ni mitume wote, anayeombewa kwa jina ni mmoja. Huo ndio uzito wa mistari ile, na sisi tunaupata bila tanbihi. Fanya vivyo hivyo kwa 1 Wakorintho 3:16. Hekalu la Mungu pale ni "ninyi", kanisa zima, ingawa mstari huo huhubiriwa kwa Kiingereza kama unahusu mwili wa mtu binafsi. (Wa mwili ni mwingine, sura ya 6:19.)

Kuna ugomvi mwingine unaotupita pembeni. NIV ya 2011 na NRSV zimelaumiwa sana kwa kuandika "brothers and sisters" pale zamani palipokuwa "brethren", na kwa kukwepa "he" pale mtu yeyote anapotajwa. Marekani jambo hili limegawanya makanisa na wachapishaji. Kwa Kiswahili "ndugu" tayari ni wa kiume na wa kike, "mtu" ni mtu, na kiambishi "a-" hakiulizi jinsia. Zaburi ya 1 ni "Heri mtu yule", basi. Ukikutana na tofauti hii, iandike U, utabasamu, uendelee.

Hatua ya 6: N, mistari "iliyofutwa"

Kila baada ya muda ujumbe huzunguka kwenye WhatsApp kwamba NIV imefuta mistari: fungua Matendo 8, baada ya 36 inakuja 38! Ni kweli 37 haimo kwenye maandishi makuu. Imeshuka chini kwenye tanbihi. Sababu iko hivi.

Agano Jipya la King James lilitafsiriwa kutoka Kigiriki kilichochapwa katika karne ya 16, kilichoanza na msomi Erasmus mwaka 1516. Alikuwa na hati chache za mkono, nyingi za karne za baadaye. Namba za mistari ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551 juu ya maandishi ya aina hiyo. Baadaye hati za kale zaidi zikapatikana au zikafunguliwa kwa wasomi: Codex Sinaiticus kutoka monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, Codex Vaticanus ya Roma, zote za karne ya nne, na mafunjo ya Misri. Kwa Agano la Kale yakaja magombo ya Qumran kuanzia 1947. Sentensi ambazo hazimo katika hati za kale zikaondolewa, lakini namba hazikuweza kubadilishwa. Pengo likabaki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ufunuo 22:19. King James inasema mtu ataondolewa sehemu yake katika "book of life", kitabu cha uzima. ESV na NIV zinasema mti wa uzima. Hati aliyokuwa nayo Erasmus ya Ufunuo ilikosa ukurasa wa mwisho, naye akaijaza kwa kutafsiri kutoka Kilatini kurudi Kigiriki. Kwa Kilatini "libro" na "ligno", kitabu na mti, hayako mbali kimaandishi. Union Version? Fungua: mti wa uzima.

Na hapo utagundua jambo linalowashangaza wengi: Biblia yetu ya 1952, tunayoiona ya kizamani, katika N mara nyingi inasimama na tafsiri mpya, au inaweka mabano. Matendo 8:37 imo, lakini ndani ya mabano. Mathayo 17:21, ule wa "kusali na kufunga" unaopendwa sana kwenye mifungo, nao uko ndani ya mabano. Nenda kwenye Marko 9:29: King James ina "prayer and fasting", Union Version ina kuomba tu. Sisemi watu waache kufunga, kufunga kuna mistari mingine mingi. Nasema tu, ukifundisha mstari wenye mabano, waambie watu mabano yale ni ya nini.

Hatua ya 7: U, mahali pa kukaa muda mrefu

L na N zina majibu. U ina mazungumzo. Chukua neno la Kiebrania "hesed", linalorudiwa kila mstari wa Zaburi 136. King James: "mercy". Kwingine inaandika "lovingkindness", neno lililoundwa na mtafsiri Miles Coverdale mwaka 1535. ESV: "steadfast love". NIV: "love". Sisi: "fadhili zake ni za milele". Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyemaliza neno. Rehema inamtazama mkosaji, "steadfast" inatazama agano lisilovunjika, fadhili inatazama mkono unaotoa. Ukiziweka pamoja ndipo unaanza kuona umbo la neno lenyewe.

U nyingine huwaka moto. Isaya 7:14: King James "virgin", RSV ya 1952 "young woman", maana neno la Kiebrania "almah" ni msichana aliyefikia umri wa kuolewa. RSV ilipotoka, mchungaji mmoja wa North Carolina aliuchoma ukurasa huo hadharani. ESV, ambayo ni mtoto wa RSV, imerudi kwenye "virgin". Warumi 3:25 ni hivyo hivyo: "propitiation" (kutuliza ghadhabu) ya King James na ESV, "expiation" (kuondoa dhambi) ya RSV, "sacrifice of atonement" ya NIV, na upatanisho wetu. Nyuma ya maneno hayo kuna hoja nzima ya teolojia juu ya kazi ya msalaba.

Kwa U usiulize ipi ni sahihi. Andika kila tafsiri imelinda nini na imeacha nini. Ukitaka neno la asili, namba za Strong (konkodansi, yaani orodha ya maneno na mistari yalimo, ya 1890 iliyojengwa juu ya King James) zimo bure kwenye programu nyingi. Zitumie kujua neno limetokea wapi kwingine, usizitumie kuchagua maana unayoipenda kwenye orodha. Wahubiri tuna dhambi hiyo.

Zoezi: Yohana 3:1-13

Kifungu hiki kina L, N na U zote, ndiyo maana naanzia hapa na kila kikundi kipya.

Mstari wa 3, King James "born again", RSV "born anew", NRSV "born from above". Zimetawanyika, kwa hiyo U. Neno la Kigiriki "anothen" hubeba maana mbili, tena na kutoka juu. Union Version imechagua mara ya pili, na ndivyo Nikodemo alivyosikia, ndiyo maana anauliza habari za kuingia tumboni mwa mama yake. Mazungumzo yote yanasimama juu ya mtu kusikia nusu ya neno.

Mstari wa 7: "Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again." Nilikuambia, hamna budi. Anaongea na mmoja, anawaambia wengi. NIV na ESV zinahitaji tanbihi kulisema hilo.

Mstari wa 8: "bloweth where it listeth". L. "List" ya kale ni kupenda, na sisi tuna "upendako". Upepo na Roho kwa Kigiriki ni neno moja, na hapo hakuna tafsiri iliyofaulu, si yao wala yetu.

Mstari wa 10: "a master of Israel". L tena, mwalimu, si bwana.

Mstari wa 13: King James na New King James zinamalizia "which is in heaven" au "who is in heaven". ESV na NIV hazina maneno hayo kwenye maandishi makuu. Ungo umefanya kazi: N. Angalia mwenyewe Union Version iko upande gani kabla kikundi hakijakuuliza.

Kazi hiyo yote ilinichukua jioni moja mara ya kwanza, sasa ni kama dakika arobaini.

Kwa wakalimani, jambo moja la mwisho. Mgeni akisoma kutoka New Living Translation au nyingine nyepesi, usitafsiri mstari kichwani mwako. Mwombe marejeo, usome Union Version kama ilivyo, ili watu waone kwenye vitabu vyao kile wanachosikia. Hoja yake ikiegemea neno ambalo Kiswahili hakina, mwambie kwa sauti ya chini, kabla hajaendelea, ukimtaja tu herufi kama mmekubaliana mapema: "Hiyo ni U, mchungaji, huku kwetu haipo." Mgeni mmoja niliyemwambia hivyo alisimama kimya kidogo, akafungua King James yake, akasema, "Basi tuanze tena hapa."